Majina ya Ukoo ya Kifaransa Yanayotokana na Nomino za Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tarehe 12 Julai 1998 Ufaransa iliifunga Brazil 3–0 na kutwaa Kombe la Dunia. Wengi wetu tuliyasikia majina ya wachezaji wale bila kujua yanasema nini. Nahodha alikuwa Didier Deschamps, yaani “wa mashambani”. Beki wa kati alikuwa Frank Leboeuf, yaani “maksai”, aliyeanza mechi ile kwa sababu Laurent Blanc, “mweupe”, alikuwa amepewa kadi nyekundu kwenye nusu fainali. Bao la tatu lilifungwa na Emmanuel Petit, “mdogo”. Mfaransa mwenyewe akiyasikia haoni ajabu, kama sisi tusivyoona ajabu mtu akiitwa Simba au Fundi. Ila ukiyafuata hadi asili yake, unakutana na vijiji, vinu, matanuri na watu wa kawaida ambao vitabu vya historia havikuwataja kwa namna nyingine yoyote. Hiyo ndiyo sababu nayapenda, na ndiyo sababu ya kuyakusanya maswali haya hapa.

Jina la ukoo linalotokana na nomino ya kawaida ni lipi hasa?

Ni jina ambalo hapo mwanzo lilikuwa neno la kila siku: kazi, mti, mnyama, chombo, daraja, mlango. Boulanger ni mwoka mikate, Dupont ni “wa darajani”, Poirier ni mpeasi. Si majina yote ya Kifaransa yako hivyo. Martin, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Ufaransa, ni jina la ubatizo lililogeuka la ukoo, na ndivyo walivyo Bernard, Thomas, Robert na Richard. Blanc na Petit niliowataja juu ni vivumishi. Wao ni binamu wa majina tunayoyazungumzia, kwa kuwa walizaliwa kwa njia ileile.

Yalianza lini, na kwa nini?

Kwa karne nyingi mtu alikuwa na jina moja tu, la ubatizo. Kuanzia karne ya 11 na ya 12 watu waliongezeka, miji ikakua, na majina ya ubatizo yaliyopendwa yakawa machache mno. Kijiji kimoja kilikuwa na kina Jean wengi. Jean yupi? Yule mhunzi. Yule wa chemchemini. Yule anayekimbia kama sungura. Majirani ndio waliotoa lakabu hizi. Mwenye jina hakuulizwa.

Halafu akaja mtoza kodi na kalamu yake. Katika orodha ya kodi ya Paris ya mwaka 1292, watu wengi wameandikwa kwa jina la ubatizo likifuatwa na kazi yao au lakabu yao. Polepole lakabu zikaanza kurithiwa. Mtoto wa mhunzi akawa mvuvi lakini akabaki na jina la “Mhunzi”. Hapo ndipo neno lilipoacha kumweleza mtu na kuanza kuutaja ukoo.

Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza, kwa amri ya Villers-Cotterêts, aliwataka mapadri waandike daftari za ubatizo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1792, kazi hiyo ikahamia serikalini. Sheria ya tarehe 23 Agosti 1794 ikafunga mlango kabisa: raia asitumie jina jingine lolote isipokuwa lile lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Ni kazi zipi zilizoacha majina mengi zaidi?

Kazi za kijijini zilizomgusa kila mtu. Berger ni mchungaji, Charpentier ni seremala, Masson ni mwashi, Pelletier ni fundi wa ngozi za manyoya, Charron ni fundi wa magurudumu na mikokoteni. Boucher ni mchinjaji, na ndani ya neno hilo amejificha beberu, kwa Kifaransa *bouc*, maana awali lilimtaja mchinja mabeberu.

Fournier anastahili tumkalie kidogo. Kamusi itakwambia ni mtu wa tanuri, lakini tanuri lenyewe halikuwa lake. Katika Zama za Kati, bwana mwenye ardhi alijenga tanuri moja, na wanakijiji walilazimika kuoka mkate wao humo na kulipia. Kuoka kwa siri nyumbani lilikuwa kosa. Fournier ndiye aliyechoma kuni, akaingiza madonge ya unga kwa koleo refu la mbao, na kuyatoa yakiwa mikate. Meunier, msagaji, aliishi chini ya utaratibu huohuo: kinu cha maji kilikuwa cha bwana, naye alichukua fungu lake kwenye kila gunia. Ndiyo maana wasagaji walisemwa sana vijijini. Haki hizo za mabwana zilifutwa na Mapinduzi, na majina yakabaki.

Mercier nimelitafutia tafsiri kwa muda mrefu. Siku hizi neno hilo humtaja muuza nyuzi, vifungo na sindano. Zamani aliuza kila kitu kidogokidogo, mara nyingi akizunguka na mzigo mgongoni. Tafsiri yake nzuri kuliko zote ni mmachinga.

Kwa nini jina lenye maana moja lina sura nyingi hivyo?

Kwa sababu Ufaransa haikuwa nchi ya lugha moja. Mhunzi ndiye mfano bora. Kilatini kilimwita *faber*. Kaskazini akawa Lefebvre, Lefèvre au Lefeuvre. Kusini, kwenye Kioksitani, akawa Fabre au Faure. Upande wa milima ya Savoie akawa Favre, na Franche-Comté akawa Faivre. Bretagne, ambako watu walisema Kibretoni, ni Le Goff. Alsace, ambako walisema lugha ya Kijerumani, ni Schmitt. Wote hao ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya moto na nyundo mkononi.

Tazama ile *b* ya Lefebvre. Haitamkwi, jina husomwa “Lefèvre”. Iliingizwa na makarani waliotaka kuonyesha kwamba wanakijua Kilatini cha *faber*. Na kwa kuwa zamani *u* na *v* ziliandikwa kwa alama moja, kuna aliyesoma vibaya, na akazaliwa ukoo wa Lefébure.

Mfano wa pili ni “nyumba mpya”. Kifaransa cha kaskazini kinasema Maisonneuve. Wagaskoni wa kusini-magharibi wanasema Cazenave. Wabaski, jirani zao wa milimani, wanasema Etcheverry, kutoka *etxe*, nyumba, na *berri*, mpya. Jina Xavier, ambalo wengi wetu tunalijua kanisani, limetoka kwenye maneno hayohayo mawili ya Kibaski.

Le, La, Du na Des zilizobandikwa mbele zina kazi gani?

*Le* na *la* ni kama kusema “yule” mtu au kitu kinachojulikana: Leclerc ni yule karani au msomi. *Du*, *des* na *de la* hueleza mahali: Dubois ni wa msituni, Dufour wa kwenye tanuri, Delacroix wa msalabani, kwa maana aliishi karibu na msalaba uliosimikwa njia panda. Laporte aliishi penye lango la mji. Lagrange, kwenye ghala la nafaka.

Je, “de” ni alama ya utukufu wa ukoo?

Hapana. Huu ni uvumi unaodumu. Mabwana wengi walitumia *de* pamoja na jina la ardhi yao, ni kweli, lakini mkulima aliyeishi kando ya daraja naye alikuwa *du Pont*.

Waitwao Leroy ni uzao wa mfalme?

*Roi* ni mfalme, na *roy* ni tahajia ya zamani. Lakini wafalme hawakuitwa hivyo kwa jina la ukoo. Leroy wa kwanza huenda alikuwa mtumishi katika nyumba ya mfalme, au mtu aliyecheza nafasi ya mfalme kwenye igizo la sikukuu, au mshindi wa mashindano ya kulenga shabaha, ambaye mwaka ule wote aliitwa “mfalme”, au mtu mwenye maringo. Soma vivyo hivyo Lévêque (askofu), Labbé (abati), Lemoine (mtawa), Leduc na Lecomte (vyeo vya mabwana wakubwa). Askofu na mtawa hawakutakiwa hata kuwa na watoto wa kurithi jina. Chevalier, mpanda farasi wa vita, naye mara nyingi alikuwa mtumishi tu wa mtu wa namna hiyo.

Wanafunzi wangu wa Kifaransa huvunjika moyo kidogo nikifika hapa. Mimi naona historia ya yule mtumishi ina utamu zaidi, kwa sababu bila lakabu hiyo asingebaki na kumbukumbu yoyote.

Na majina ya wanyama?

Ni mengi: Lelièvre (sungura), Poulain (mwana-farasi), Mouton (kondoo), Lecoq (jogoo), Leloup (mbwa mwitu), Loiseau (ndege), Poisson (samaki). Msomaji wa Songea, aliyezoea kina Komba, Nyoni na Tembo, hili halitamshangaza.

Sababu za lakabu hizi zinatofautiana. Kuna tabia au umbo: mwenye mbio, mwenye nguvu, mwenye sauti nzuri kama Rossignol, yule ndege anayeimba usiku. Kuna kazi: mfuga maksai au muuza samaki. Na kuna kibao. Kabla nyumba hazijapewa namba, maduka na nyumba za wageni mijini zilitambulika kwa picha iliyoning’inizwa mlangoni, na mwenye nyumba yenye picha ya jogoo angeweza kuitwa kwa jina la jogoo huyo.

Kuna majina yanayodanganya?

Ndiyo, na hapa ndipo kamusi ya leo inapompoteza mtu. Ukitaka kujua maana ya jina la Kifaransa, uliza kwanza neno lile lilikuwa na maana gani karne ya 13, na mkoa gani.

Lesueur ukilisoma kwa Kifaransa cha sasa utadhani ni “jasho”. Siyo. Limetoka kwenye Kilatini *sutor*, mshonaji, na *sueur* wa zamani alikuwa fundi viatu. Neno lilikufa midomoni likabaki kwenye jina. Kusini, fundi huyohuyo ni Sabatier.

Letellier halina uhusiano na televisheni wala simu, kama nilivyowahi kuulizwa. Ni mfumaji wa vitambaa vya kitani.

Corneille, jina la mwandishi wa tamthilia Pierre Corneille (1606–1684), ni neno la kunguru, lakini pia ni umbo la Kifaransa la jina la ubatizo Cornelius. Kwa ukoo fulani jibu ni ndege, kwa mwingine ni mtakatifu. Mwenzake na mshindani wake Jean Racine (1639–1699) hana utata huo kwa sikio la Mfaransa: *racine* ni mzizi.

Lililo tamu kuliko yote ni Renard. Leo *renard* ni mbweha, kwa hiyo kila mtu hudhani ukoo wa Renard umepata jina kwa ujanja. Ukweli umekaa kinyume. Renard lilikuwa jina la mtu, la asili ya Kijerumani, Raginhard. Mbweha aliitwa *goupil*. Katika karne ya 12 na ya 13 zilienea hadithi za mbweha mjanja aliyepewa jina la Renart, kama sisi tunavyomwita sungura “Sungura” wa hadithi zetu. Zikapendwa hata jina la mhusika likalifukuza neno la mnyama. Wafaransa wakaacha kusema *goupil*. Hivyo ukimtafuta mtu aliyepewa lakabu kwa sababu ya mbweha, umtafute katika ukoo wa Goupil.

Miti nayo ilitoa majina?

Mingi. Duchêne na Duchesne ni “wa kwenye mwaloni”. Cassagne na Chassagne ni msitu wa mialoni. Yanaonekana mbalimbali lakini shina lao ni moja, neno la Wagauli waliokaa nchi ile kabla ya Warumi. Mti mwingine, unaoota kwenye kingo za mito, ambao Kiswahili hakina jina lake, ulikuwa na neno la Kigauli *verna*, na humo ndimo lilimotoka jina la Jules Verne (1828–1905). Mti uleule, kwa njia ya Kilatini, ukazaa Delaunay.

Kwa nini Quebec kuna kina Lafleur na Larose wengi?

*Fleur* ni ua na *rose* ni waridi, lakini wa kulaumiwa ni jeshi. Askari wa Kifaransa walipewa jina la vita, na wengi walipenda maua: Lafleur, Larose, Laviolette, Latulipe. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika Kanada mwaka 1665, na mamia ya askari wake wakabaki huko kama walowezi. Kwenye daftari za parokia utakuta mtu ameandikwa jina la ukoo, kisha *dit*, maana yake “aitwaye”, kisha jina la vita. Watoto wengine walichukua la kwanza, wengine la pili, ndugu wa tumbo moja wakatengana kwa majina.

Jina la Kifaransa lenye uhusiano na Zanzibar lipo?

Lipo: Poivre, yaani pilipili manga. Pierre Poivre alizaliwa Lyon mwaka 1719. Alipoteza mkono wake wa kulia kwa mzinga wa Waingereza mwaka 1745, akiwa baharini. Mwaka 1767 akawa mkuu wa utawala wa visiwa vya Mauritius na Réunion, wakati huo Isle de France na Bourbon. Alikuwa na nia moja iliyomkaa kichwani: kuuvunja ukiritimba wa Waholanzi juu ya viungo vya visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mwaka 1770 miche ya mikarafuu na mikungumanga iliyotolewa huko kwa siri ilifika Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikavuka kutoka visiwa hivyo hadi Unguja, na yaliyofuata, ya mashamba na ya utumwa, Mzanzibari hahitaji kusimuliwa.

Jina lake halikutokana na kazi yake. Alilirithi, na ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa hariri. Poivre wa kwanza, karne nyingi nyuma, pengine aliuza viungo, wakati ambapo pilipili manga ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa Ulaya. Nikinusa karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi barabarani, nalikumbuka jina hilo.

Watumwa walioachwa huru walipataje majina haya?

Swali hili linatuhusu kwa karibu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani yetu, wa bara na wa Msumbiji walipelekwa Mauritius na Réunion, na huko walikuwa na jina moja tu, walilopewa na bwana.

Utumwa ulipofutwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao 60,000 walitakiwa kuandikwa kama raia, na raia lazima awe na jina la ukoo. Makarani walilazimika kubuni maelfu ya majina kwa muda mfupi. Walichukua majina ya ubatizo, miezi na siku, nomino za kamusi, hata majina yaliyopinduliwa herufi. Kwa hiyo neno la Kifaransa katika ukoo wa Réunion, au wa visiwa vya Karibi kama Martinique na Guadeloupe, huenda halikutoka kwa majirani wa kijijini hata kidogo. Limetoka kwenye kalamu ya mtu aliyekuwa na foleni mbele yake. Mtu wa aina hiyo akikuuliza maana ya jina lake, usimpe tafsiri ya kamusi ukaishia hapo. Daftari la 1848 ndilo lenye jibu, kwa kuwa mara nyingi ndilo la kwanza kumtaja babu yake kama mtu mwenye haki zake.

Kuna waliochagua wenyewe. Baba wa mwandishi Alexandre Dumas alizaliwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, na mama mtumwa, Marie-Cessette Dumas. Alipojiunga na jeshi la Ufaransa mwaka 1786 aliacha jina kubwa la baba yake mwungwana akajiandikisha kwa lile la mama. *Mas* ni nyumba ya shamba kusini mwa Ufaransa. Dumas ni “wa nyumba ya shamba”. Alifika cheo cha jenerali kwa jina hilo.

Watoto waliookotwa je?

Walipewa jina la siku, mtakatifu au mahali walipookotwa. Mwanahisabati d’Alembert aliachwa mwaka 1717 kwenye ngazi za kanisa la Saint-Jean-le-Rond, Paris, akabatizwa Jean Le Rond.

Dieudonné, Bienvenu na Espérance wa Goma au Bujumbura wamo katika kundi hili?

Kwa kawaida hapana. Hayo ni majina ya mtu binafsi yaliyochaguliwa na wazazi kwa maana yake: “Mungu kampa”, “karibu”, “tumaini”. Lakabu za Zama za Kati hazikuchaguliwa na mzazi. Hata hivyo Dieudonné na Bienvenu yapo pia Ufaransa kama majina ya ukoo, kwa hiyo angalia limekaa nafasi gani kwenye hati.

Mtu akiona haya kwa jina lake anaweza kulibadili?

Anaweza. Kuna watu walioitwa Cochon, nguruwe, na majina mazito kuliko hilo. Sheria ya mwaka 1803 ilifungua njia ya kuomba, na hadi leo mwenye sababu halali huomba Wizara ya Sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2022 mtu mzima anaweza pia, mara moja maishani, kuchukua jina la mzazi wake mwingine kwa tamko tu kwenye ofisi ya mji.

Mwanamke akiolewa hupoteza lake?

Kisheria, hapana. La kuzaliwa hubaki lake daima, na la mume ni la matumizi tu. Tangu 2005 watoto wanaweza kupewa la baba, la mama, au yote mawili.

Nianzie wapi kutafuta asili ya jina fulani?

Anza na mahali kabla ya maana. Tafuta mkoa ambao jina limejaa tangu zamani, kwa sababu mkoa utakwambia lugha, na lugha itakwambia neno. Kisha rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Kumbukumbu za uzazi zilizopita miaka 75 ziko wazi kwa kila mtu, na hifadhi za nyaraka za mikoa mingi ya Ufaransa zimeweka daftari zake kwenye intaneti bila malipo. Andika kila tahajia unayokutana nayo, hata zinazoonekana makosa. Padri aliandika alichosikia, na mara nyingine tahajia mbovu ya mwaka 1620 ndiyo inayokuonyesha neno lenyewe lilivyotamkwa na waliolitoa.